Kupanga chakula na vidonge wakati hedhi inakoma

Nimetoka kumpangia dada yangu hivi vitu, nimeona niviandike kabisa. Ni kwa yule ambaye hedhi inarukaruka au imeshakata, joto linampanda usiku mpaka shuka linalowa, na kiuno kinaongezeka wakati anakula kile kile cha siku zote.

1. Protini kwanza
Estrojeni (homoni ya kike) ikishuka misuli inapungua na mafuta yanahamia tumboni, kwa hiyo ukijinyima chakula tu mzani utashuka ila misuli nayo inaondoka. Lenga gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku, mwenye kilo 70 ni gramu 70 hadi 84, igawe kwenye milo yote. Mwenye shida ya figo aongee na daktari kwanza. Na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito angalau mara mbili kwa wiki, hapo sibembelezi mtu.

2. Joto la ghafla
Andika ulichokula au kunywa kabla halijapanda. Pombe, kahawa, pilipili, vinywaji vya moto: punguza kimoja kimoja ujue kipi ni chako. Soya inawasaidia baadhi, si wote.

3. Kalsiamu, hapa soma taratibu
Baada ya miaka 50 mwanamke anahitaji miligramu 1,200 kwa siku, LAKINI hiyo ni pamoja na ya kwenye chakula. Glasi moja ya maziwa ina kama 300, mtindi upo, dagaa wa kuliwa na mifupa wapo, piga hesabu ndo ujazie kwa kidonge. Sasa geuza kopo usome lebo: kidonge cha kalsiamu kaboneti cha miligramu 1,250 kina kalsiamu yenyewe 500 tu. Usizidishe 500 kwa mkupuo maana mwili hauinyonyi vizuri. Kaboneti meza na chakula, kalsiamu sitreti (aina nyingine ya kidonge) hata tumbo tupu, na kama unatumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, mimi nasema chukua sitreti. Ukiwa unameza levothyroxine ya tezi, acha masaa 4 kati yake na kalsiamu, la sivyo dawa ya tezi haiingii vizuri mwilini na utabaki unashangaa uchovu na uzito haviondoki. Vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma) navyo usivimeze pamoja na kalsiamu. Uliwahi kupata mawe kwenye figo? Usianze bila daktari.

4. Vitamini D
IU 600 kwa siku (IU ni kipimo kinachoandikwa kwenye lebo), ukivuka miaka 70 ni 800.

5. Mitishamba ya kopo
Sipendekezi. Black cohosh imeripotiwa na matatizo ya ini, na St. John's wort inavuruga dawa nyingi, warfarin ya kuzuia damu kuganda ikiwemo.

6. Kupima
Kiuno kipime kwa utepe, usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula. Na ukiona damu baada ya miezi 12 bila hedhi, hata tone, nenda hospitali, hilo si suala la chakula.