Kulinda kompyuta ya nyumbani: usianze na antivirusi

Kompyuta nyingi ninazoletewa zikiwa zimeshavamiwa zina antivirusi, tena nzima. Ilitoa onyo, mwenyewe akabofya "Ruhusu" kwa kuwa alikuwa na haraka. Ndiyo maana mimi naanzia kwingine.

Hatua ya 1: Nakala rudufu

Tafuta diski ya nje, nakili picha na nyaraka zako zote, kisha ichomoe. Hapo pa kuchomoa ndipo wengi wanapokosea. Virusi vya kudai fidia hufunga kila faili vinaloweza kulifikia, na diski iliyochomekwa kutwa kucha nayo inafikiwa. Nimeshamwona mtu akilia mbele ya diski mbili, zote zimefungwa kwa ufunguo uleule.

Kuhifadhi mtandaoni kunasaidia, ila hakikisha huduma yako inatunza matoleo ya zamani ya faili. Isipotunza, faili lililoharibika litapanda na kulifuta lile zima. Mafundi tuna kanuni ya 3-2-1: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya nyumba. Ukimaliza, fungua faili mojamoja kutoka kwenye ile nakala uone kama linafunguka. Mteja wangu mmoja alinakili folda tupu kwa miezi, asijue.

Hatua ya 2: Shuka cheo

Kwenye Windows, akaunti ya kwanza unayofungua kwenye mashine mpya huwa ya msimamizi, yaani yenye mamlaka ya kusakinisha na kubadilisha chochote. Programu yoyote unayoiendesha humo inaweza kuazima mamlaka hayo kwa wewe kubofya "Ndiyo" mara moja tu.

Nenda kwenye mipangilio ya akaunti, fungua akaunti mpya, uipe usimamizi na nywila yake. Ingia humo kwanza uhakikishe inafanya kazi. Ndipo uishushe ile ya zamani iwe ya kawaida, uendelee kuitumia kila siku. Mafaili yako yanabaki palepale. Kuanzia hapo, kitu kikitaka kujisakinisha kitakuomba nywila ya msimamizi, na zile sekunde chache za kuiandika zinatosha kujiuliza, "Kwani mimi niliomba hiki?"

Hatua ya 3: Masasisho

Yaache yajiendeshe. Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu la usalama, kwa tundu lililokuja kutumiwa na WannaCry, kirusi cha kudai fidia. Kirusi chenyewe kikazuka tarehe 12 Mei mwaka huohuo. Kilijisambaza chenyewe kutoka mashine hadi mashine, bila mtu kubofya chochote. Waliokuwa wamesasisha hakikuwapata kwa tundu lile.

Kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) nacho huhitaji kufungwa na kufunguliwa upya ndipo sasisho likamilike. Wenye vichupo (kurasa) 60 vilivyo wazi tangu mwezi jana, nawaona.

Hatua ya 4: Nywila

Anza na ya barua pepe, kwa sababu anayeishika anaweza kuomba kubadilisha nyingine zote. Iwe ndefu, isitumike kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili (mbali na nywila, unaombwa kitu cha pili, kama namba ya siri inayokuja kwenye simu). Nyingine zikabidhi kwa programu ya kutunza nywila. Badilisha pia nywila ya usimamizi wa ruta (kile kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani), ile iliyokuja nayo.

Hatua ya 5: Soma anwani kinyumenyume

Tazama hii: https://benkiyako.com.example.net/ingia. Jicho linakimbilia "benkiyako". Wewe tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya ule mkwaju pacha (//) wa mwanzo, kisha rudi kushoto vipande viwili vinavyotenganishwa na nukta: example.net. Huyo ndiye mwenye tovuti. Yaliyo kushoto kwake anaweza kuandika apendavyo. (Anwani ikiishia na kitu kama co.uk, hesabu vipande vitatu.) Ile alama ya kufuli inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli naye huipata, tena bure.

Kwa mafaili, washa mpangilio wa kuonyesha viambishi vya majina (kile kipande cha mwisho baada ya nukta, kama .pdf), kwani Windows kwa kawaida huvificha. Ukivifichua, "ankara.pdf" inaweza kugeuka "ankara.pdf.exe", na hiyo ni programu, si ankara.

Ukurasa ukikupigia king'ora kwamba una virusi na upige simu namba fulani, usipige. Funga kivinjari kwa Alt+F4. Kikigoma, bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager, orodha ya programu zinazoendeshwa, ukizime kutoka huko.

Na antivirusi?

Windows 10 na 11 zinakuja na Microsoft Defender. Iache imewaka. Kuongeza nyingine mbili juu yake ni kualika ugomvi na kuifanya mashine iwe nzito.

Ukishabofya tayari

Kata intaneti kwanza. Usichomeke diski ya nakala. Badilisha nywila ya barua pepe ukitumia kifaa kingine, kisha ya benki, na uondoe vifaa vyote usivyovitambua kwenye orodha ya walioingia katika akaunti hizo. Halafu ndipo urudi kwenye kompyuta uichunguze, na kama huna hakika imesafika, ifute yote usakinishe mfumo upya.