Kupata jumla kwenye Firestore bila kumaliza kota ya siku

Kama una app ya duka inayotunza data kwenye Firestore (hifadhidata ya Google ya mtandaoni) na mauzo yameshafika 40,000, usivute dokumenti zote (kila mauzo ni dokumenti moja) kwenye simu ya mtu ili tu upate jumla, kila dokumenti inahesabika kama usomaji mmoja na kwenye mpango wa bure unapewa 50,000 kwa siku, yaani ukifungua ripoti mara mbili tu kota imekwisha na app imegoma.

Tumia count(), sum() na average(). Hesabu inafanyika huko huko kwenye seva na unalipa usomaji mmoja kwa kila maingizo 1,000 ya indeksi (orodha ambayo Firestore inatumia kutafuta dokumenti), kwa hiyo zile 40,000 zinakuwa kama 40 hivi. Tofauti kubwa mno jamani! Ila sum() inaruka chochote ambacho sio namba na haikwambii kitu, mimi kuna bei iliingia kama "15000", na alama za nukuu kabisa, nikatafuta hela iliyopungua usiku mzima.

Kweri (ombi la kupata hiyo jumla) ikizidi sekunde 60 inakatwa. Hapo weka jumla kwenye dokumenti yake pembeni, kila mauzo yakiingia unaongeza kwa increment() ndani ya bachi hiyo hiyo inayoandika mauzo (bachi ni maandishi kadhaa yanayoingia kwa pamoja). Wauzaji wakiwa wengi igawe hiyo dokumenti ya jumla iwe dokumenti 10 halafu ujumlishe, maana dokumenti moja ukiiandika zaidi ya mara moja kwa sekunde mfululizo inaanza kulemewa.

Orodha za kuonyesha watu: limit(20) ili uchukue 20 tu, na startAfter() ili uendelee pale ulipoishia. offset() achana nayo, hata zile ulizoziruka unazilipia.