DVD halisi haichezi kwenye kompyuta: pa kuanzia

Diski inaonekana, folda ya VIDEO_TS inafunguka, lakini filamu haianzi, au inatoa picha ya miraba ya rangi iliyovurugika. Mara nyingi chanzo ni kinga dhidi ya kunakili, lakini hakikisha kwanza.

1. Jaribu diski isiyo na kinga, kwa mfano DVD ya harusi iliyochomwa mtaani. Ikigoma nayo, shida ni draivu au umeme. Draivu ya nje mara nyingi huhitaji umeme zaidi ya miliampea 500 za tundu la USB 2.0, ndiyo maana huzunguka kisha ikazima. Tumia waya wenye vichwa viwili vya USB. Diski chafu ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa mstari ulionyooka. Usizungushe: mkwaruzo unaofuata njia ya data ni mgumu zaidi kurekebishwa na draivu.

2. Weka programu inayofaa. Windows 10 na 11 haziji na uwezo wa kucheza DVD. Weka VLC (programu ya kucheza video), fungua "Media", kisha "Open Disc", chagua DVD. Ikiganda kwenye menyu ya filamu, weka tiki kwenye "No disc menus". Kwenye Ubuntu andika `sudo apt install libdvd-pkg`, halafu `sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg`. Amri ya pili ndiyo inayoleta kifumbuzi chenyewe (programu inayofumbua kinga ya diski), na wengi huiruka. Baadhi ya nchi, ikiwemo Marekani, zina sheria kali kuhusu kufumbua kinga, kwa hiyo fahamu sheria ya unapoishi.

3. Kagua kanda, yaani namba ya eneo la dunia ambalo diski na draivu zimewekewa, na usiwe na haraka. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya Magharibi na nchi za Ghuba ni 2. Tanzania, Kenya na sehemu kubwa ya Afrika ni 5. Laptop ya mtumba kutoka Uingereza kwa kawaida huwa imewekwa 2, hivyo inaweza kukataa diski ya kanda ya 5 hata kama ni nzima kabisa. Tazama nyuma ya kasha: namba iko ndani ya alama ya dunia. Ukikuta 0 au "ALL", kanda siyo tatizo.

Bonyeza Windows+R, andika `devmgmt.msc`, fungua "DVD/CD-ROM drives", bofya draivu mara mbili, nenda "DVD Region". Hapo utaona kanda ya sasa na mabadiliko yaliyobaki. Jumla ni 5 tu, na hesabu inatunzwa ndani ya draivu yenyewe, kwa hiyo kuweka Windows upya hakuirudishi. Ukimaliza mabadiliko hayo, kanda ya mwisho inabaki ya kudumu. Chagua kanda ya diski ulizo nazo nyingi. Kwa zile chache za kanda nyingine, draivu ya pili ya USB ni salama kuliko kubadilisha huku na kule.

4. Blu-ray haisomeki kabisa kwenye draivu ya DVD, maana inahitaji leza ya nanomita 405 badala ya 650. Hata ukiwa na draivu yake, unahitaji programu yenye leseni kama PowerDVD, na skrini inayokubali HDCP (kinga ya kunakili kwenye waya wa picha). Picha ikiwa nyeusi kwenye projekta, chomoa vigawanyaji na vibadilishi vyote, unganisha HDMI moja kwa moja. Diski za 4K hudai pia teknolojia ya usalama ya ndani ya prosesa iitwayo Intel SGX, ambayo Intel iliiondoa kwenye prosesa za Core kuanzia kizazi cha 11. Kwa kompyuta hizo, chezesha diski ya 4K kwenye deki yake.