Sikwensa ya Pure Data: sifuri iingie kulia

Ukiunda sikwensa (mfululizo wa noti unaojirudia) ya hatua 16 kwenye Pure Data, programu ya kutengeneza sauti kwa kuunganisha visanduku, kihesabio cha hatua ni visanduku vitatu tu: [f] inayohifadhi namba, [+ 1] na [mod 16] inayorudisha hesabu kwenye 0 ikifika 16. [metro 125], kisanduku kinachotoa mapigo, inagonga tundu la kushoto la [f], jibu linapita kwenye [+ 1] na [mod 16], kisha linarudi tundu la kulia. Hiyo 125 ni milisekunde, robo ya pigo kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika.

Wengi tunakwama kwenye kitufe cha kuanza upya. Ujumbe wa 0 ukiuchomeka kushoto, [f] inautema papo hapo: noti ya kwanza inalia pale ulipobofya, nje ya mdundo, na pigo linalofuata linaanzia hatua ya pili. Nilishalaumu kadi ya sauti wiki nzima kwa kosa hilo! Uchomeke kulia. Pale namba inahifadhiwa kimya, ikingoja pigo la metro.

Thamani za hatua ziweke kwenye jedwali, uzisome kwa [tabread]. Mimi huipa 0 maana ya kunyamaza, halafu [sel 0] inaichuja: noti halisi zinatokea tundu lake la kulia.

Ukitaka ngoma isichoshe, ongeza kihesabio cha pili chenye [mod 12] kwenye metro ileile. Viwili hivyo hukutana kila baada ya hatua 48, yaani sekunde 6.