Ombi la bima ya afya likirudishwa, anzia hapa

Watu wengi wa Mbeya na Iringa huniambia "nimekataliwa bima". Ukiwauliza kwa nini, hawajui. Dirishani waliambiwa "haiwezekani", wakakunja bahasha yao wakaenda stendi.

Hatua ya 1. Usiondoke bila sababu. Omba kwa upole uandikiwe, hata kwa mkono nyuma ya fomu. "Haiwezekani" si sababu. "Majina hayalingani" ni sababu, na ina dawa.

Hatua ya 2. Linganisha majina herufi kwa herufi. Hapa ndipo tunapokwama wengi wetu. Chukua jina kama Tusajigwe: karani mmoja kaandika hivyo, wa pili kachomeka h, Tusajighwe, wa tatu hajui Kinyakyusa, kaandika alivyosikia. Kwako ni mtoto mmoja, kwenye mfumo ni watoto watatu. Mimi nimerudishwa mara mbili kwa herufi moja ya binti yangu, nauli ya Tukuyu hadi Mbeya imeenda bure. Weka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA mezani, soma kwa kidole. Hati ya kiapo ya wakili inaweza kukuvusha, ila cheti kikisahihishwa RITA, wanaosajili vizazi na vifo, hutasumbuka tena.

Hatua ya 3. Hesabu watu wako. Mtumishi aliye NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, anaandika mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Mtoto ni wa chini ya miaka 18, au hadi 21 kama bado anasoma. Mtoto wa marehemu kaka yako kwetu ni mwanao kabisa, lakini dirishani wataomba hati ya mahakama ya kuasili.

Hatua ya 4. Uliza kama mlango wenyewe uko wazi. Machi 2023 NHIF ilisitisha kumsajili mtoto mmoja mmoja kwenye Toto Afya Kadi, bima yake ya watoto, ikataka waandikishwe kwa makundi kupitia shule. Mtoto mwenye vyeti vyote akarudishwa. Tuseme ukweli, wazazi wengi tulikuwa tunakimbilia kadi homa ikishapanda, na mfuko wa wagonjwa watupu haudumu.

Hatua ya 5. Kama ni kampuni binafsi na hujaridhika, peleka malalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ukiwa na ile karatasi ya hatua ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

Kamwene mwalimu. Mama yangu wa Mafinga ana kisukari. Kwenye fomu ya kampuni nisikitaje?
— Kamwene. Kitaje. Ukificha watachukua pesa yako vizuri tu, ila siku ya kulipa hospitali watafukua faili. Kama wewe ni mtumishi, mwandike NHIF kama mzazi wako.

Kijana wangu ana miaka 22, yuko chuo. Kadi yangu imemtoa.
— Umri umempita, mama. Aulize chuoni kwake bima ya wanafunzi. Kiwango tulichokizoea kilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka.

Nina mke na watoto watano. Nani abaki nje?
— Mke ana ajira? Basi naye ni mchangiaji, gawaneni watoto. Kama hana, mtakaa wenyewe mezani. Mimi niliwaandika wadogo kwanza, maana ndio walikuwa hawaishi zahanati.