Karabini ya Risasi za Bastola: Kuiandaa na Kuitunza kwa Mashindano

Mwongozo huu unamhusu mpiga shabaha ambaye tayari anamiliki kihalali karabini, yaani bunduki nyepesi ya begani, inayotumia risasi za bastola, hasa za milimita 9, na anayetaka imfikishe mwisho wa mashindano bila kukwama. Mimi hushindana Marekani chini ya kanuni za USPSA, chama cha Marekani cha upigaji shabaha wa vitendo, kilichofungua daraja la karabini hizi mwaka 2016, kwa hiyo vipimo nitakavyovitaja ni vya huko. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1934 inataka mtutu wa bunduki usipungue inchi 16, isipokuwa mwenye nayo amefuata utaratibu wa kuisajili kama bunduki fupi. Msomaji aliye Kenya anaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na aliye Tanzania na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na asidhani kwamba kinachoruhusiwa huku kinaruhusiwa kwao. Ninazungumzia bunduki iliyonunuliwa dukani ikiwa kamili, pamoja na vipuri vinavyouzwa kwa ajili yake. Kupiga tupa sehemu za ndani za kifyatulio ni kazi ya fundi bunduki mwenye leseni, si ya mezani jikoni.

Hatua ya 1: Hakikisha bunduki ni tupu

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, elekeza mtutu upande salama, toa magazini, kisha ndipo uvute bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, mara mbili au tatu. Utaratibu huo usigeuzwe, kwa sababu anayevuta bolti kabla ya kutoa magazini hutoa risasi moja na kuingiza nyingine, halafu huamini kwamba chemba, yaani tundu la mtutu linalokaa risasi, haina kitu. Tazama ndani ya chemba kwa macho, ingiza ncha ya kidole uhakikishe, na risasi zote zihamishiwe chumba kingine hadi kazi iishe.

Hatua ya 2: Linganisha bolti, bafa na springi

Karabini nyingi za aina hii hazina kufuli kwenye bolti. Kinachoizuia isifunguke mapema wakati baruti inapowaka ni uzito wake yenyewe, uzito wa bafa, yaani kipande kizito kinachosukumwa na bolti ndani ya kitako, na nguvu ya springi. Ndiyo maana bolti ya karabini ya milimita 9 ni pande zito la chuma, na ndiyo maana bunduki hii, ingawa risasi yake ni ndogo, humshangaza mgeni kwa jinsi inavyotikisika. Wengi hudhani kwamba kinachorusha nukta nyekundu ya kilengeo ni mlipuko, kumbe kwa sehemu kubwa ni lile pande la chuma linapogonga mwisho wa safari yake nyuma na kisha kurejea mbele kwa kishindo.

Hapa ndipo wapiga shabaha hushawishika kupunguza uzito ili bunduki itulie, na hapa ndipo ninapowasihi wasishuke chini ya kiwango alichotaja mtengenezaji. Uzito ukipungua mno, ganda huanza kutoka chembani wakati msukumo wa gesi bado ni mkubwa, na ganda lisiloshikwa na kuta za chemba linaweza kupasuka usoni pa mpigaji. Jaribu springi na bafa zilizokusudiwa kwa bunduki yako na kwa risasi unazotumia, ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, upige angalau risasi 50, kisha uandike daftarini mambo manne: ganda lilianguka wapi, bolti ilibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho au la, nukta ilirudi mahali pake au ilipita, na kama kuna risasi iliyokwama. Msimu mmoja nilibadilisha springi, bafa na aina ya risasi katika jioni moja, siku mbili kabla ya mashindano. Bolti ikawa haifungi sawasawa, nikapoteza vituo viwili vya kupigia shabaha, na sikuweza hata kujua nimlaumu nani kati ya wale watatu.

Hatua ya 3: Funga kilengeo, kisha ukisawazishe

Safisha mafuta kwenye reli na kwenye nyuzi za skrubu, tia tone dogo la gundi ya skrubu ile inayoweza kufunguliwa kwa bisibisi, kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye maelekezo ya kilengeo, halafu chora mstari mwembamba wa rangi unaopita juu ya kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma kilicho jirani. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Alama hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote cha bei ghali nilichowahi kununua.

Mimi husawazisha kwa mita 25, bunduki ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, kwa makundi ya risasi tano tano. Jambo linalowaumiza wanaotoka kwenye bastola ni kimo cha kilengeo. Kwenye karabini yenye umbo la AR, yaani la bunduki ya AR-15, katikati ya nukta iko kama milimita 66 juu ya katikati ya mtutu, na risasi inayokutana na nukta katika mita 25 huwa bado iko chini yake karibu sentimita 5 ukiwa mita 5, na kama sentimita 3 ukiwa mita 10. Sasa tazama shabaha ya kadibodi ya USPSA: kisanduku cha A, eneo lenye alama nyingi zaidi, kilichoko kichwani kina upana wa inchi 4 lakini kimo cha inchi 2 tu, yaani sentimita 5. Ukiwa mita 5 na ukaweka nukta katikati ya kisanduku hicho, risasi itatoboa chini yake, nawe utarudi nyumbani ukilalamika kwamba kilengeo kimehama. Hakikuhama. Katika umbali huo nukta inapaswa kukaa juu kidogo ya ukingo wa juu wa kisanduku. Piga mita 3, 5, 7, 10 na 15, pima kwa rula, bandika vipimo hivyo ndani ya kifuniko cha mfuko wa bunduki, na uvisome kila asubuhi ya mashindano.

Hatua ya 4: Zipe magazini namba

Bunduki ikikwama, mshukiwa wa kwanza ni magazini. Andika namba kwa rangi chini ya kila moja, na inayokwama mara mbili iondolewe kwenye mkanda wa mashindano hata kama bado ni mpya. Zifungue baada ya kila shindano la vumbi, sugua ndani kwa brashi, futa kwa kitambaa kikavu, na usitie mafuta, kwa kuwa mafuta hushika mchanga na kuugeuza kuwa tope. Angalia pia kama magazini iliyojaa inaingia na kushika wakati bolti imefungwa. Ikigoma, punguza risasi moja.

Hatua ya 5: Kagua risasi moja moja

Katika daraja hili risasi zote huhesabiwa kwa kiwango cha chini cha nguvu, kwa hiyo mwenye risasi kubwa hapati alama zaidi: eneo la A ni 5, C ni 3 na D ni 1, na jumla hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Unachotakiwa ni kufikia 125, nambari inayopatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) na mwendo wake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 1,000. Kichwa cha greni 124 kinachokwenda futi 1,010 kinatoa 125.2, ambayo imepita kwa unywele, na mimi nisingeenda nayo popote, kwani asubuhi ya baridi inaweza kukushusha, na anayeshindwa kipimo hicho hahesabiwi alama. Acha nafasi ya pointi tano hivi.

Kisha dondosha kila risasi ya mashindano ndani ya kipimo cha chemba, yaani kipande cha chuma chenye tundu lenye umbo la chemba. Inapaswa kuingia kwa uzito wake yenyewe, ikae sawa na ukingo, na itoke ukigeuza kipimo. Inayohitaji kusukumwa kwa kidole ibaki kwa mazoezi kama ina kasoro ndogo tu, na iliyopinda au yenye kichwa kilichozama itengwe kabisa.

Hatua ya 6: Usafi

Kwa kuwa bolti hufunguka gesi ikiwa bado inatoka, masizi hujaa ndani ya bunduki hii haraka sana. Baada ya kila risasi 300 au 400 mimi hufuta uso wa bolti na njia ya kupandishia risasi, na hutumia kijiti cha meno kutoa masizi chini ya ukucha unaovuta ganda, sehemu ndogo ambayo ikijaa huacha maganda chembani. Mtutu hauhitaji kusuguliwa mara nyingi hivyo. Unaposugua, ingiza ufito kutoka upande wa chemba ili usikwaruze ukingo wa mdomo wa mtutu. Mafuta yawe tabaka jembamba pale chuma kinapoteleza juu ya chuma. Kagua pini za nyundo na za kifyatulio, maana bolti nzito huzipiga kwa nguvu na pini dhaifu hukatika. Ukimaliza, nawa mikono kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula, kwa sababu masizi ya risasi za kawaida yana madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Bunduki hufika uwanjani ikiwa tupu, na kibendera cha chemba, yaani kijiti kinachoonyesha kwamba chemba ni tupu, hutolewa tu mwamuzi anapokuamuru ujiandae. Beba springi ya ziada, ukucha wa ziada, betri ya kilengeo, funguo za skrubu zako na ufito wa shaba. Ukisikia mlio mdogo kuliko kawaida, kama mtu aliyepiga makofi ndani ya blanketi, simama hapo hapo hata kama saa inakimbia: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata inaweza kuupasua. Toa magazini, onyesha chemba, acha mtutu ukaguliwe. Mwisho wa kituo, kibendera kirudi chembani, na daftari liandikwe kabla hujaondoka uwanjani, kwa maana mimi nikifika nyumbani huwa nimekwisha kusahau ni magazini namba ngapi iliyokataa.