Kabla mtu hajazidiwa na bangi: cha kuandaa na cha kuacha

Usianze na duka la dawa. Hakuna kidonge cha kununua na kuweka kabatini kitakachoifuta bangi mwilini. Aliyezidisha heroini ana naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini mwilini. Kwa bangi haifanyi kazi. Rimonabanti, iliyoweza kuzuia bangi isishike ubongoni, ilikuwa dawa ya kupunguza unene. Ulaya iliiruhusu mwaka 2006, na mwaka 2008 mauzo yakasimamishwa kwa sababu ya sonona na mawazo ya kujiua.

Kwa hiyo andaa saa na kalamu. Aliyevuta huzidiwa ndani ya dakika chache na kwa kawaida hutulia baada ya saa kadhaa. Aliyekula keki yenye bangi huanza kuisikia baada ya dakika 30 hadi saa 2, na hapo ndipo wengi hujiponza: wanaona kipande cha kwanza "hakina kitu", wanaongeza cha pili. Hali hiyo inaweza kudumu nusu siku au zaidi. Andika alikula nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama alikunywa pombe.

Mtu mzima aliyepaniki, moyo unamwenda mbio, anaapa kwamba anakufa, mara nyingi anahitaji chumba kimya na mtu mmoja anayemwamini. Si ukoo mzima. Akilalamika maumivu ya kifua, akizimia, akipata degedege au akianza kuona visivyokuwepo, mpeleke hospitali. Huko anaweza kupewa diazepamu ya kumtuliza, haloperidoli akiwa amechanganyikiwa sana, ondansetroni na dripu akitapika, huku pumzi na presha vikiangaliwa. Ndiyo maana ile diazepamu ya bibi iliyobaki nyumbani haifai: ikikutana na pombe inaweza kudidimiza pumzi.

Maziwa na ndimu navyo viache, wala usimtapishe. Aliyesinzia hupaliwa upesi, na kilichomwingia mapafuni huwa tatizo jipya.

Kwa mtoto sheria ni nyingine kabisa. Aliyeokota biskuti ya bangi anaweza kulegea, kuyumba, kusinzia asiamshike, hata kupumua kwa shida. Hapo hakuna kusubiri itoke yenyewe. Beba mabaki na karatasi yake, na mwambie daktari ukweli. Najua watu huogopa polisi na aibu ya mtaa, lakini ukificha, mtoto anaweza kuchomwa sindano ya uti wa mgongo kutafuta homa ya uti wa mgongo ambayo hana. Kinyume chake pia hutokea: kipimo cha mkojo huweza kuonyesha bangi iliyotumika siku kadhaa nyuma, kwa hiyo sukari na malaria bado vipimwe hata ukisema ulichokijua.

Na uwe na namba ya jirani mwenye gari. Mtoto aliyelegea habebeki kwenye bodaboda usiku.